Kigoda cha Shangazi Kando ya Jiko

Shangazi hakuwa mwongo. Aliamini kabisa kuwa mafuta yetu ya mchaichai yanafukuza mbu usiku kucha, maana tangu tuanze kuyatengeneza yeye hajaumwa hata mara moja. Meneja wa nyumba ya wageni, ambaye wateja wake walichoka kukohozwa na dawa ya kupuliza, angekuja kesho kutoa oda. Haijawahi kutokea oda kubwa kama hiyo. Shangazi akanipa kalamu niandike kwenye kila chupa: Usiku kucha.

Sikuandika. Siku tano mfululizo nilikuwa nimekaa jioni kwenye bomba linalovuja nyuma ya nyumba, mkono mmoja nimepaka, mwingine mtupu. Ule mtupu uliliwa papo hapo. Uliopakwa ulipona kama saa moja, halafu mbu akatua, akatembea kidogo kama mtu anayechagua kiti, akakaa.

Nilipomweleza Shangazi alicheka, akasema mbu wananionea kwa kuwa damu yangu bado changa. Lakini nilikuwa nimeshaona jambo. Kila jioni yeye hukaa kwenye kigoda kando ya jiko la kuni akichemsha majani, moshi umemfunika mpaka kwenye nyusi. Mbu gani angemfikia?

Sikubishana naye. Nilikihamishia kigoda bombani, nikampaka miguu yote miwili, nikamletea mchaichai wa kukatakata asichoke kukaa. Saa niliiweka dirishani. Alinisimanga kwamba namtungia mtihani na mimi mwenyewe niliishia darasa la saba.

Dakika ya hamsini na tano akajipiga kofi mguuni. Akautazama mkono wake wenye damu, kisha jiko lililokuwa likifuka peke yake kule.

"Kumbe mlinzi wangu alikuwa moshi," akasema.

Asubuhi meneja aliuliza kama mafuta yanadumu mpaka alfajiri. Nilifungua mdomo, Shangazi akaniwahi.

"Yanadumu kwa saa moja hivi tu, baba, halafu mtu anapaka tena. Kitandani waachie chandarua. Haya ni ya barazani, wageni wako wakila."

Meneja alifikiri, akasema wageni wake hawakai mezani zaidi ya hapo, labda wakianza siasa. Akataka chupa ndogo, moja kila meza.

Ndipo nikaandika: Paka tena baada ya saa moja.

Jioni Shangazi alirudi na kigoda chake jikoni. Mimi nilirudi bombani na mkono wangu. Safari hii nimeongeza karafuu, natafuta dakika kumi zaidi.