Mtu wa Dirishani

Modesta alikikuta kitabu kile kwenye kabati la shule, chini ya chati za herufi zilizotafunwa na panya. Alifundisha darasa la kwanza katika shule ileile aliyosoma, kijijini nje kidogo ya Njombe, na alikitambua kabla hajakipangusa vumbi. Kilikuwa kitabu cha picha. Mwanzoni kulikuwa na kilima, nyumba moja na bibi mwenye jembe. Kila ukifunua, barabara inasogea na mji unakua, mpaka kilima hakionekani tena, yamebaki maghorofa na madirisha yenye taa.

Zamani yeye na kaka yake Timoth walikigombania. Timoth alipenda kurasa za mwisho. Alipokua akaenda Makambako, akapata kazi ya kupakia mbao kwenye malori. Mkewe alipoondoka, akamleta binti yao Angela kijijini kwa bibi yake, Fidelia, aliyekuwa akiishi na Modesta. Mwezi wa tano mwaka huu mbao ziliporomoka zikamfunika Timoth. Alizikwa kijijini, kwenye makaburi yaliyo kando ya shamba la miti ya misindano. Siku ya mazishi Angela alipelekwa kwa jirani.

"Bado mdogo," Fidelia alisema. "Mwambieni baba yake yuko kazini."

Modesta hakupinga. Siku alipokikuta kitabu alikichukua akaenda nacho nyumbani, akamsomea mtoto jikoni, karibu na moto.

"Hapa ndiyo Makambako?" Angela aliuliza.

"Panafanana."

Kidole cha mtoto kikapita dirisha baada ya dirisha, kikasimama kwenye mtu mmoja aliyeegemea kizingiti.

"Huyu ni baba."

Fidelia, aliyekuwa akimenya viazi, hakuinua uso. "Ndiye. Anatusalimia."

Modesta akarudi nyuma kurasa kadhaa. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho utotoni hakukiona. Barabara ilipofika, yule bibi mwenye jembe hakuwepo tena. Zamani alidhani amekwenda sokoni. Mchoraji alikuwa tu ameacha kumchora, na hakuna mtu kitabuni aliyemuulizia.

Tangu hapo Angela alikitaka kitabu kila jioni. Alimuaga yule mtu wa dirishani kabla ya kulala. Alimuuliza atashuka lini.

Kisha asubuhi moja aliingia darasani mbio wakati wa mapumziko, akasimama mbele ya meza ya Modesta.

"Shangazi, Jastin anasema baba yuko makaburini. Anasema aliona sanduku likishushwa. Anadanganya, eti?"

Modesta aliweka chaki chini.

"Hadanganyi," alisema.

Alimshika mkono wakaenda makaburini. Ukungu ulikuwa haujainuka. Udongo wa kaburi ulikuwa umetitia kwa mvua na msalaba wa mbao umeinama. Angela alisoma jina la baba yake herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa.

"Mbona hamkuniita?"

Mtoto hakulia. Alijaribu kuunyoosha msalaba, ukamshinda.

Nyumbani Fidelia alielezwa yaliyotokea. "Sasa umepata nini?" alimuuliza binti yake.

"Sijapata kitu, Mama. Nilichoka kumdanganya."

"Mimi nilikuwa bado nahitaji kumdanganya," Fidelia alisema, akajifunika uso kwa khanga.

Baada ya hapo Angela hakuamini maneno yao. Modesta akichelewa kutoka shuleni, alimkuta barabarani, miguu imekakamaa kwa baridi. Fidelia alipougua kifua, Modesta na jirani wakampeleka hospitali ya Njombe, na jioni Modesta akarudi peke yake.

"Bibi amelazwa," alimwambia mtoto. "Anapumua vizuri. Kesho nitarudi kumwona."

Angela alimtazama usoni, akaenda kuvaa sweta na viatu.

"Nipeleke nikamwone sasa hivi," alisema.

Magari ya Njombe yalikuwa yamekwisha. Modesta alimweleza hivyo mara nyingi, taratibu, na kila alipomweleza mtoto alizidi kusogea mlangoni, na hakukubali kuguswa.