Mkate Kizingitini

Burmakan aliiona theluji kwanza. Juzi ilikuwa vileleni tu. Asubuhi hiyo ilikuwa imeshuka hadi inapoanzia misonobari, na kioo cha dirisha lake kilikuwa na ukungu kwa ndani. Majani ya mitufaha yalikuwa yamegeuka mekundu kwenye kingo. Hayo angeweza kuyapuuza. Kondoo hakuweza kuwapuuza.

Walipita barabarani tangu mapambazuko, kundi baada ya kundi, wakirudi kutoka malisho ya juu milimani. Nyuma yao lilikuja lori lenye hema la sufu lililokunjwa, na juu ya hema wanawake walikaa wamebanana, wanacheka, hakuna hata mmoja aliyevaa barakoa. Burmakan alilitambua lori. Lilikuwa la kijiji cha ng'ambo ya daraja.

Mkamwana wake, Jumagul, alipoingia kubadilisha shuka, alimkuta amesimama dirishani na fimbo yake.

"Kizuizi cha karantini pale darajani kimeondolewa lini?"

"Kizuizi gani, Apa?" Mavyaa huitwa hivyo huko, kama mama mzazi.

"Usinichezee. Jana uliniambia polisi bado wapo."

"Jana walikuwepo." Jumagul alikung'uta mto. "Leo labda wameshikwa na mafua."

Mwezi Julai Burmakan alikuwa amekohoa hadi midomo ikawa ya buluu. Mwanawe Mederbek, mume wa Jumagul, alikuwa amekwama kwenye ujenzi Siberia tangu mipaka ifungwe. Jumagul, aliyewahi kusoma uuguzi mwaka mmoja, ndiye aliyemchoma sindano, akamlaza kifudifudi, akamnywesha supu ya kondoo kijiko kwa kijiko. Nyumba za jirani zilizika watu. Nyumba hii haikuzika. Hilo hakuna aliyeweza kulikana, hata Burmakan mwenyewe.

Alihamishiwa chumba cha nyuma, na chakula kikawa kinaachwa kizingitini, kwa sababu ya ugonjwa. Kikohozi kilipokwisha, sinia liliondoka, mkate ukabaki. Kila asubuhi Jumagul aliweka mkate mmoja mzima wa duara katikati ya mlango; akiingia aliuokota, kisha akaurudisha nyuma yake. Mlango haukuwa na kufuli. Lakini katika bonde lile hakuna mtu anayeuvuka mkate, na kuusukuma kwa fimbo ni dhambi ileile. Ilibidi kuinama na kuuokota, na nyonga ya Burmakan ilikuwa haikunjiki tangu alipoteleza kwenye barafu. Kwa kuwa aliamini karantini bado ipo, hakuwa na sababu ya kugombana na mkate. Wajukuu waliambiwa bibi bado ana kikohozi.

Sasa aliona ngazi zimeegemezwa kwenye mitufaha, na gari la mnunuzi likirudi kinyumenyume uani.

"Mnachuma leo?"

"Tunachuma."

"La kwanza nachuma mimi." Ndivyo ilivyokuwa katika shamba hilo: tufaha la kwanza lilichumwa na mwenye nyumba, na aliyelichuma ndiye aliyesikilizwa hadi msimu mwingine.

"Njoo basi, Apa. Mlango uko wazi."

"Ondoa mkate."

"Nina shuka mikononi."

Burmakan alitazama shuka, kisha akautazama mkate. Alishika mwimo wa mlango, akajishusha taratibu, mguu mmoja ukiwa umenyooka kama gogo. Aliufikia. Aliubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akauweka juu ya kigoda kando ya ukuta. Kisha akajaribu kusimama. Mkono uliteleza, akalala ubavu, kichwa kwenye mwimo mmoja na miguu kwenye mwingine.

Nyumba hii ilikuwa imewahi kuona jambo hilo, kwenye mlango wa mbele, majani yakipukutika vilevile. Mederbek na rafiki zake walimleta Jumagul kwa nguvu, kwa gari, kutoka lango la chuo ili aolewe, msichana aliyemfahamu kwa sura tu. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka, akawaparura wanawake waliojaribu kumfunga kitambaa cheupe cha bibi harusi. Ndipo Burmakan akajilaza kizingitini. "Nivuke, uende," alisema. "Ila anayemvuka mama mtu mzima, tumbo lake halizai." Jumagul alisimama mbele yake, kiatu kimoja mguuni. Hakuvuka.

Sasa alisimama ndani ya chumba, ameacha shuka kitandani, ameshika ndoo ya haja.

"Nipishe, Apa."

"Niinue."

"Nimeshika ndoo."

"Si uiweke chini! Una akili wewe?"

"Unakumbuka ulivyonilalia pale mbele? Hata mto uliagiza. Ukasema sakafu ya baridi."

"Ilikuwa desturi. Hata mimi nililaliwa kizingitini."

"Ukavuka?"

"Mimi nina adabu."

"Basi lala na adabu yako."

Burmakan alimkazia macho. "Ukinivuka, mkamwana, tumbo lako litakauka."

"Nimekuzalia wajukuu wanne, Apa. Limechelewa kukauka."

Alikunja sketi kwa mkono mmoja, akapima kwa jicho, akapitisha mguu wa kwanza, kisha wa pili, polepole ili ndoo isimwagike. Haikumwagika. Katika ujia alisimama kidogo, kama muuguzi aliyechoma sindano na anangoja kuona kama mgonjwa atavimba. Ng'ombe alilia zizini. Dereva alipiga honi.

"Jumagul!" aliita Burmakan. Kwa miaka yote alikuwa akimwita mkamwana tu.

"Abee, Apa."

"Sakafu ya baridi."

"Najua. Nikimaliza kupakia nitakuinua."

Aliiacha milango yote miwili wazi. Kutoka sakafuni Burmakan aliona ujia mzima, kizingiti cha mbele, na nje miguu ya ngazi. Kisha miguu ya Jumagul ikipanda. Upepo uliingiza majani ndani hadi karibu na uso wake. Tufaha la kwanza liligonga kitako cha debe tupu, akalisikia vizuri. La pili pia. Baada ya hapo debe lilikuwa na matufaha ya kutosha, na yaliyofuata hayakutoa sauti.