Kuanzia Kituo cha Tisa

Umeme ulikatika Ijumaa ya pili ya Kwaresima, saa kumi na dakika saba alasiri. Ngurumo anaijua dakika hiyo kama wengine wanavyoijua siku yao ya kuzaliwa, maana aliiandika kwa mkono wake kwenye daftari lililofungwa kwa uzi nje ya chumba cha jenereta. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini tarakimu alizijua, na daftari lile halikutaka zaidi: saa umeme ulipokatika, saa mashine ilipowaka.

Safu ya kwanza akaijaza. Ya pili ikabaki wazi, kwa kuwa ufunguo hakuwa nao.

Ulikuwa kwa Katibu wa hospitali. Mafuta yalikuwa yakipungua kwenye tangi, wakubwa wakakaa kikao, na baada ya chai na maandazi wakaona mwizi hawezi kuwa mwenye gari, lazima awe mwenye ovaroli. Ikaja kufuli mpya, ikaja na karatasi ya kukubali ufunguo ukae kwa Katibu. Ngurumo akatia dole gumba. Mnyonge walimnyonga, haki yake wakaifungia kufuli.

Siku nyingine angekaa kwenye ndoo yake akangoja, kero iwe ya wakubwa. Siku hiyo mkewe alikuwa wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, akipumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine ilikula umeme. Mtungi wa akiba ulikwisha tangu Jumatatu. Karatasi ya kuomba mwingine ilikuwa ikingoja sahihi juu ya meza ya Katibu huyo huyo.

Muuguzi akatokea mlango wa wodi, uliotazamana na chumba cha jenereta. "Fundi, kimbia. Sijui atastahimili mpaka lini."

Nyuma yake Ngurumo alimwona shemeji yake, mdogo wa mkewe, akimpepea dada yake kwa kipande cha boksi. Mgonjwa alimtazama mumewe, akajaribu kutabasamu. Ni yeye aliyempa jina hilo la Ngurumo. Kila mumewe alipoanza kukoroma, alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Msiogope, umeme umekatika, hiyo ni jenereta."

Akakimbilia kanisani, maana Ijumaa za Kwaresima Katibu hakosi huko. Kanisa lilikuwa nyuma ya ua wa hospitali, mwendo wa Baba Yetu mbili. Ndani walikuwa katikati ya Njia ya Msalaba, na aliyeongoza ni Katibu, kitabu mkononi, kishada cha funguo kiunoni. Walikuwa wamefika kituo cha tisa, pale Yesu anapoanguka mara ya tatu. Kanisa zima likapiga magoti. Ngurumo, aliyefika mlangoni akihema, naye akapiga magoti.

Mwili ulikunjika wenyewe. Tangu utotoni mama yake alimfinya kila alipogeuza shingo kwenye ibada hiyo; Yesu akiwa njiani hakatizwi. Akajiambia, wakisimama tu namwita. Wakasimama, wakaanza kuimba. Utamwitaje mtu anayeimba? Akajiambia, kituo kijacho. Kijacho walikuwa wanamvua Yesu nguo, na Ngurumo akaitazama ovaroli yake iliyojaa grisi, akaona haya. Cha kumi na moja walikuwa wanampigilia misumari. Kila Katibu alipopiga magoti funguo zililia kidogo, na Ngurumo alizisikia kuliko sala. Cha kumi na mbili wakanyamaza wote, kimya kirefu, kama desturi ilivyo Bwana anapokata roho. Neno moja lingetosha, hata kikohozi. Alifumbua mdomo. Ukajaa mate, akayameza.

Walipokwisha kumzika Yesu, Katibu akaja mlangoni, akampa ufunguo bila maswali. Jenereta, ambayo siku zote hukohoa mara tatu kabla ya kuwaka, ikawaka mara moja. Akaandika kumi na dakika thelathini na tisa. Wodini muuguzi alikuwa ameshamfunika mkewe mpaka usoni.

Msibani aliwaambia watu maneno machache: alimtafuta Katibu kila mahali, akampata maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Aliyarudia mpaka yakawa laini mdomoni kama kokwa iliyonyonywa. Na kweli kosa la wakubwa lilikuwepo, nani asingeliona? Shemeji yake alisaga meno, akasema watu wa namna hiyo Mungu anawaona.

Ikapita wiki tatu. Jumamosi, kabla ya Jumapili ya tano ya Kwaresima, ikawa zamu ya Ngurumo kuipokea jumuiya ya sala nyumbani kwake. Viti viliazimwa kwa jirani, shemeji akaja kufagia, akaacha gauni la marehemu likining'inia nyuma ya mlango, hakuna aliyethubutu kuligusa. Ngurumo alikuwa na sentensi moja. Alikuwa ameifanyia mazoezi wiki zote tatu huku akipaka mashine grisi, na alitaka Katibu aisikie mbele ya watu, akiri mbele ya watu.

Injili ilikuwa ya Lazaro. Katibu aliisoma vizuri, kwa sauti ya kupanda na kushuka, mpaka pale dada wa marehemu anapomwambia Bwana kwamba angekuwepo, kaka yake asingekufa. Akafunga kitabu, akauliza neno hilo limewagusa vipi katika maisha ya kila siku. Mshonaji akazungumzia uvumilivu. Kinyozi akasema Lazaro alingojeshwa siku nne, wateja wake yeye wakingojeshwa dakika nne wanahamia kwa mwingine. Watu wakacheka kwa pua, kwa heshima ya nyumba yenye msiba.

Ngurumo akasimama.

"Mama huyo alisema alichokuwa nacho moyoni," akasema. "Nami nasema changu. Katibu, ungekuwa kazini kwako, mke wangu angekuwa hai. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwako."

Alikuwa amejiandaa kwa ukali, kwa vitisho vya kazi, hata kwa kutolewa nje ya nyumba yake mwenyewe. Katibu hakukasirika. Alikifungua kishada, akakiweka mezani kando ya mshumaa, na mikono yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka kwa wiki tatu.

"Nilikuona, Fundi," akasema. "Kituo cha tisa, pale mlangoni. Ulipiga magoti na ovaroli yako. Umeme wa kanisani ulikatika, nikajua, lakini nikakutazama wewe. Nikasema, kama fundi mwenyewe ametulia anasali, basi hakuna mgonjwa wa kutisha. Nikamshukuru Mungu kwamba na wewe umekuja."

Shemeji alikuwa pembeni, karibu na mlango wenye gauni, akijipepea kwa sababu ya joto la watu. Kipande kile kile cha boksi, hakuwa amekitupa. Kikasimama hewani. Hakumtazama Katibu. Alimtazama Ngurumo muda mrefu, kama mtu anayehesabu vituo kimoja kimoja, cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na mbili.

"Shemeji," akasema taratibu, "mimi nilikuwa nampepea dada, naye anauliza, 'Mume wangu yuko wapi?' Sasa hapo ulipopiga magoti, ulikuwa unamwomba nani?"