Tumbo la Mheshimiwa Kitakasi

Katika nchi ya Ng'arano, wakubwa waliishi kilimani ndani ya mstari wa kijani, na sisi wengine, eti kwa sababu ya pumzi zetu, tuliishi nje yake. Walikuwa wamesikia kwa madaktari kwamba chombo cha upasuaji kikishachemshwa kisiguswe ovyo. Wao, kwa kujipenda, wakatangaza kuwa vyombo hivyo ndio wao, hawana kijidudu hata kimoja. Kuku wetu na mbuzi wetu walipitishwa kwenye mvuke wakapokelewa bila kinyaa. Malalamiko yetu nayo yakapitishwa humohumo, karatasi zikatoka nyeupe pe! Atakayekiri ana kijidudu angetolewa nje ya mstari asirudi, na atakayemsingizia mkubwa kuwa nacho angefungwa.

Siku moja mtawala mwenyewe, Mheshimiwa Kitakasi, akashikwa na kidole tumbo. Alipiga mayowe mpaka huku chini tukamsikia, na sitaficha, tulifurahi. Akaitwa Daktari Mashavu, mpasuaji pekee nchini, mama asiyecheka na mtu. Alinawa mpaka viwikoni, akavaa glavu, akamimina dawa kwenye pamba.

"Hiyo ya nini?" mtawala akauliza.

"Ya kukusugua tumbo. Ngozi ina vijidudu."

Mawaziri wakashika vinywa.

"Ngozi ya nani?"

"Yako, baba. Na yangu. Kisu huchemshwa kikabaki hakina kitu; mtu hachemshiki, husuguliwa tu."

"Una wazimu! Mimi sina. Pasua hivyohivyo!"

"Nikipasua hivyohivyo vitaingia ndani, utaoza tumbo ufe. Na nikikusugua hujakiri, nitafungwa mimi. Sema unavyo."

Mtawala akawatazama mawaziri wake, nao wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Maumivu yakamkaba.

"Ninavyo!" akalia. "Ninavyo tele, tangu zamani! Sugua, mama, sugua!"

Akasuguliwa, akapasuliwa, akapona. Ila alipozinduka alijikuta huku kwetu, kalazwa kitanda kimoja na mchoma mahindi, aliyemsogezea bakuli la uji na kumwambia aache kudeka. Mawaziri walikuwa wamemvusha mstari angali usingizini.

Sasa anatawala Waziri Mng'azo. Juzi alihutubia taifa akitabasamu kupita kiasi, jasho linamchuruzika, mkono kaukandamiza tumboni, upande wa kulia, chini ya kitovu. Tukamkimbilia Daktari Mashavu kumuuliza kama ameitwa.

"Bado," akasema, akaendelea kuchemsha visu vyake.