Gego la Shangazi

Tulimwita Shangazi kwa sababu alitupita sote umri. Alikuwa ameacha kazi ya unesi ili aje asomee udaktari wa meno chuoni pamoja nasi, na binti yake alilelewa na bibi yake. Mwalimu wetu wa kliniki tulimwita Koleo, ila jina hilo hatukuthubutu kulitaja akiwa karibu.

Mwaka ule wa nne Koleo alimganda Shangazi kama kupe. Jino alilolichonga Shangazi kwa nta, yeye akalibwaga sakafuni mbele yetu. "Hii kazi ya mwashi, si ya daktari!" Shangazi akiwa na mgonjwa kitini, Koleo alimsimamia mgongoni akiguna, mpaka mgonjwa naye akaanza kuogopa. Shangazi aliinama tu akaendelea na kazi.

Asubuhi moja, kabla wagonjwa hawajaanza kuingia, alinivuta kando.

"Mdogo wangu, hebu nichungulie. Upande huu sitafuni tena."

Nikamlaza kitini, nikavuta taa, nikaingiza kioo. Gego lake la chini lilikuwa limepasuka katikati kama ukuni mkavu. Halikuoza hata chembe. Mengine yote yalikuwa yamelika juu, bapa, kama ya kikongwe.

"Unasaga meno usingizini," nikamwambia. "Kwani unalala vizuri?"

"Kulala nalala. Kupumzika ndiko sikujui." Alikuwa chali, kwa hiyo machozi yakamtiririkia masikioni. "Siku hizi nikiamka, natamani nisingeamka."

Nilikuwa nikimfuta machozi, Koleo akaingia na kundi la mwaka wa tatu. Akainama, akachungulia, uso ukamchangamka.

"Sogeeni, sogeeni! Mnaona? Mtu mwoga kama kunguru, woga wake unaishia kumla meno. Asiyejiweza mwenyewe atamtibu nani?"

Mmoja wao akacheka. Shangazi akataka kuinuka, nikamshika bega.

"Tokeni," nikasema.

"Unasemaje wewe?"

"Huyu ni mgonjwa wangu. Hukumwomba ruhusa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba mdomo wa mtu hauchunguliwi bila ridhaa yake."

"Unanifukuza kwenye kliniki yangu?"

"Nakufukuza kwenye kinywa chake!"

Wale wa mwaka wa tatu wakaanza kurudi kinyumenyume. Koleo akabaki peke yake, mdomo wazi, kisha naye akatoka akiubamiza mlango.

Nilisimamishwa masomo mwezi mzima. Mkuu wa chuo aliniita ofisini akanihubiria adabu. Nilipomuuliza kuhusu Shangazi, akachezea kalamu. "Mwalimu yule ni mkali tu, ndivyo alivyo. Hata sisi tulipita mikononi mwake."

Mwezi huo nilikuwa na nafasi, basi nikampeleka Shangazi kwa daktari wa afya ya akili, hospitali nyingine kabisa. Mara ya kwanza alikaa humo ndani mpaka nikasinzia kwenye benchi. Gego halikuokoka, likang'olewa. Akaahirisha masomo, akaenda kukaa na binti yake, na mwaka uliofuata akarudi. Bado anatumia dawa, na halifichi jambo hilo.

Koleo yupo palepale, anafundisha. Mlangoni mwa kliniki wamebandika bango: "Afya ya akili kwanza." Nikikutana naye koridoni namwamkia, maana nimelelewa. Lakini hasira sijaitua, wala sina haja ya kuitua.