Masinia ya Nasra

Wiki ya nne hiyo mwanangu Nasra namwona kidevu tu. Akipiga simu ya video kutoka Maskati anakofanya kazi, picha inakwama, sauti inakatikakatika. Nikasema basi, laptopu hii aliyoniachia imechoka kama mimi.

Ijumaa nikamwita Mwalimu Beatrice, mpangaji wangu hapa Mtawanya, mtu wa Bukoba. Akaizima, akaiwasha, akafunga vyote vilivyofunguka kwenye kioo. Wapi! Mtandao mstari mmoja.

"Mama Nasra, ruta iko wapi?"

"Kile kiboksi cha intaneti? Nimekihifadhi kabatini, nyuma ya masinia. Nimekifunika na kitambaa cha kufuma kisiingie vumbi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama! Mtandao utapitaje kwenye chuma chote hicho? Yatoe."

"Koma, mwalimu! Hayo ni ya harusi ya mwanangu. Kumi na mawili, na hayajapakuliwa hata pilau. Korosho zikianza kuanguka anarudi kuolewa."

Lakini hamu ya kumwona ilinizidi. Nikafungua kufuli, nikayatoa moja moja, nikayapanga sakafuni. Mwalimu akakiweka kiboksi juu ya kabati. Mistari ikajaa.

Nasra alipopiga, nilimwona mzima: meno, hina vidoleni, hata kovu la nyusi alilopata alipoanguka mkoroshoni. Nikalia bila aibu.

"Mwanangu, umekonda. Nimekukumbuka mpaka chakula hakipiti."

"Hata mimi, mama. Leo nakuona vizuri." Akasogea karibu. "Hayo masinia hapo sakafuni ni ya nini?"

"Si ndiyo yale ya harusi yako! Korosho zimeshaanza kuanguka. Nikutegemee lini?"

Uso wake ukatulia tuli kwenye kioo. Hakupepesa hata jicho.

"Mwalimu, imekwama tena hii!"

Beatrice akachungulia. "Haijakwama, Mama Nasra." Hakunitazama usoni.

Hapo nikaona chozi linamshuka mwanangu taratibu, likafika kidevuni.

"Mama, nilikwambia wiki ile, ukasema husikii. Nimesaini mkataba mwingine. Miaka mitatu."

Nilisikia kila neno, na kila neno lilinichoma.

"Sikusikii, mwanangu," nikamwambia. "Mtandao huu, mbovu kweli." Nikainuka, nikaanza kuyarudisha masinia kabatini.