Kisanduku cha Waliohama

Germana alipopata ile nafasi ya wiki nane, kijiji kizima cha Kansay, huko kwa Wairaqw wa Karatu, kilipata habari kabla ya misa ya pili. Mama yake, Antonia, hakuwa mtu wa kukaa na jambo moyoni. Binti yake, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu, alikuwa amechaguliwa kati ya waombaji mia na ushee kufundishwa utafiti wa tiba, tena kwa ufadhili, hapo hapo karibu na nyumbani. Watu walimpongeza kana kwamba wiki nane ni miaka minane. Na yeye mwenyewe, tusimfiche, kichwa kilimvimba kidogo.

Kazi yenyewe ilielezeka kwa pumzi moja. Watoto wadogo wa wafugaji wa Ngorongoro waliofika zahanati na homa isiyo ya malaria walipewa dawa ya maji na kurudishwa nyumbani. Siku ya kumi na nne Germana alikwenda bomani kuangalia kama wamepona. Kwenye fomu kulikuwa na visanduku vinne: amepona, bado anaumwa, amehama, amefariki. Msimamizi wake, Daktari Vedasto, alimkazia jambo moja tu kabla hajakimbilia mikutano yake Arusha.

"Wakifariki watatu, tunasimamisha kila kitu. Hapo ina maana dawa haitoshi, na kila mtoto mwenye homa aletwe hospitali Karatu siku hiyo hiyo. Macho yetu huko ni wewe, Germana."

Siku mbili walimfundisha kunawa mikono, kuomba ridhaa na kupima uzito. Namna ya kumuulizia mtoto ambaye huenda amekufa hawakumfundisha. Nani angefikiria kwamba hilo nalo ni somo?

Mkalimani wake alikuwa Nelson, kijana wa Kimaasai aliyemaliza kidato cha nne, mpole, mwenye kutafsiri neno kwa neno. Wiki ya nne walifika boma la Parmuat kumwona mtoto wa fomu namba kumi na saba, mvulana wa miezi kumi na minne. Mama yake, Namelok, alikuwa anasiriba ukuta wa nyumba kwa samadi. Germana alifungua faili akasoma kwa sauti, kama alivyofundishwa.

"Loserian yuko wapi?"

Namelok aliacha kusiriba. Germana akadhani hakusikia, akalirudia jina kwa nguvu zaidi. Yule mama aliinamisha kichwa akasema maneno mawili matatu.

"Anasema hayupo," alisema Nelson. "Ameondoka."

Mwaka huo watu wengi walikuwa wanahama Ngorongoro. Asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamepishana na lori lililobeba mabati, vitanda na mbuzi. Germana akaweka alama kwenye kisanduku cha tatu.

"Mwambie namtakia mtoto safari njema," alisema.

Nelson alimtazama kidogo, kisha akamwambia Namelok kitu kingine kabisa, kwa sauti ya chini. Germana hakuuliza. Alikuwa na maboma mengine mawili kabla ya mvua.

Huyo alikuwa wa tatu kuandikwa amehama. Wiki iliyofuata Namelok mwenyewe alikuja zahanati amembeba binti yake, Resiato, wa miaka mitatu, anachemka homa. Germana alifurahi kumwona mama anayerudi. Alimwandika Resiato, fomu namba thelathini na moja, akampa dawa, wakaagana kwa kucheka.

Wiki ya saba Daktari Vedasto alitulia ofisini kwake Karatu, akazisoma fomu kwa mara ya kwanza. Alimwita Germana akaweka mbili mezani.

"Hizi mbili mama ni mmoja?"

"Ndiyo, daktari."

"Boma moja?"

"Ndiyo."

"Sasa huyu wa miezi kumi na minne alihama na nani?"

Germana aliitazama tena fomu namba kumi na saba. Mtoto anayenyonya, kahama, kamwacha mama yake anasiriba nyumba! Mwanafunzi wa darasa la tatu angeshtuka. Yeye aliona lori, akaona kisanduku, akapita.

Nelson alikuwa nje, ameegemea gari. Germana alimfuata karibu anakimbia.

"Nelson, wale watoto waliohama. Wamekufa?"

Nelson aliangalia chini. "Dada, wameondoka. Nilikwambia."

"Ulijua ninaandika wamehama?"

"Sijawahi kuona unachoandika. Nilitafsiri walivyosema. Kwetu aliyefariki husemwa ameondoka, na jina lake halitajwi, na wewe ulikuwa unalitaja mbele ya mama zao, nikawa nawaomba radhi kwa niaba yako." Sasa alimtazama usoni. "Wewe ni Mwiraqw, dada, jirani yetu. Nilidhani unajua."

Hakuwa anajua. Utoto wake wote alikuwa amewaona Wamaasai mnadani, akahesabu kwamba anawafahamu.

Waliondoka na daktari saa hiyo hiyo, wakapita geti la Ngorongoro, wakazunguka ukingo wa kreta ndani ya ukungu. Bomani walimkuta Resiato amelala kwenye ngozi, midomo imekauka, anahema haraka haraka. Daktari Vedasto alipiga magoti kando yake. Alimtundikia maji hapo hapo, wakampakia na mama yake, wakageuza gari.

Hawakufika getini. Kwenye mteremko Daktari Vedasto alimwambia dereva asimame, akasikiliza kifua cha mtoto muda mrefu, kisha akaitoa ile sindano ya maji. Alizishika fomu akawa anazipanga magotini kwa tarehe. Alisema taratibu, bila ukali, na afadhali angegomba.

"Wa tatu ulimwandika tarehe nne. Huyu aliandikwa tarehe kumi na moja."

Germana hakuhitaji kufafanuliwa. Tarehe kumi na moja utafiti ulipaswa kuwa umekwishasimama wiki nzima, na Resiato angetoka zahanati kwenda Karatu moja kwa moja, siku ile walipoagana kwa kucheka.

Namelok alikuwa amemfunika mtoto kwa shuka, amempakata. Hakulia. Alimshika Germana mkono, akasema maneno mengi, polepole. Nelson alichelewa kutafsiri.

"Anakushukuru," alisema mwishowe. "Anasema wengine hawaji, wewe ndiye unayekuja kuulizia watoto wake."

"Nelson, mwambie..."

"Hajamaliza, dada. Anasema yule mkubwa aliyebaki bomani ameanza joto tangu jana. Anaomba umwandike na yeye."

Germana alimgeukia Daktari Vedasto, naye alikuwa anaangalia barabara. Namelok bado alikuwa amemshika mkono, na Nelson alikuwa anasubiri jibu la kutafsiri.